Dawa ya nguvu: ipi inamsaidia mgonjwa aliyechoka, na ipi inamdanganya

Simama jioni kwenye mlango wa farmasi yoyote ya mitaa ya Kadutu au Essence, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, utasikia ombi lilelile kutoka kwa watu tofauti: "Nipatie dawa ya nguvu." Anayeomba mara nyingi si mgonjwa mwenyewe. Ni binti ambaye mama yake ana sukari, ni mume ambaye mke wake yuko kwenye dawa za presha, ni yaya (ndugu mkubwa) wa kijana mwenye SS, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, anayetaka kumaliza mwaka wa shule. Wote wanaeleza jambo moja: ugonjwa unajulikana, dawa zinanywewa, lakini mtu hainuki. Anaamka amechoka. Anapanda ngazi za mtaa akipumzika njiani kama mzee. Anaketi kumenya ndizi na kisu kinamlemea.

Muuzaji ana jibu lake tayari. Mmoja atatoa vitamini, mwingine sindano ya B komplexi, mwingine atakata kwa mkasi kipande cha vidonge vidogo vyeupe, avifunge kwenye karatasi ya daftari la shule bila jina wala maelezo, aseme: "Viwili asubuhi, viwili jioni, utaona." Na kweli mara nyingi mtu huona kitu. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana kusikia nguvu kwa wiki moja ni jambo moja, na kutibiwa uchovu ni jambo lingine kabisa.

Uchovu gani tunaousema

Kijana anayebeba mifuko ya saruji kutoka bandarini anachoka. Akila vizuri na kulala, asubuhi yuko sawa. Huo ni uchovu wa kazi, na dawa yake ni chakula na kitanda. Uchovu wa ugonjwa ni ule usiolingana na kazi iliyofanyika na usioondoka kwa kulala. Ugonjwa wa muda mrefu, kwa maana ya makala hii, ni ule unaokaa na mtu miezi au miaka: sukari, presha, VIH (virusi vya UKIMWI), SS (drepanositozi au selimundu), figo, moyo, saratani, na mengine ya namna hiyo.

Ndani ya malalamiko ya "nimechoka" kuna vitu kadhaa ambavyo mgonjwa huvifunga pamoja, na dokta mwenye haraka huviacha vimefungwa hivyohivyo. Kuna anayesinzia: akiketi kwenye taxi-bus anashikwa na usingizi kabla gari halijaondoka. Kuna anayekata pumzi: amelala vizuri, akili iko macho, lakini hatua kumi za mlima zinamaliza hewa kifuani. Kuna ambaye mguu mmoja au mkono mmoja ndio unaokataa. Na kuna ambaye mwili ungeweza, ila hamu ya kuamka imekufa. Wa kwanza mtazame usingizi wake na dawa anazokunywa. Wa pili mtazame damu, moyo na mapafu. Wa tatu mtazame neva na misuli. Wa nne mtazame moyo wake kwa maana ile nyingine, hasa katika mji ambao watu wamelala usiku mwingi wakisikiliza milio ya risasi. Kidonge kimoja hakiwezi kuwafaa wote wanne.

Hapa mtu wa Bukavu afikirie umeme wa nyumbani kwake. Taa ikiwaka hafifu, rangi ya chungwa, unaweza kubadilisha balbu ukanunua kubwa zaidi. Ikiwa balbu ndiyo ilikuwa mbovu, umepona. Lakini ikiwa waya wa mtaa umelemewa na nyumba nyingi, au nguvu imeshuka tangu kule kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, balbu mpya itawaka hafifu vilevile. Uchovu ni ile taa hafifu. Unakuambia kwamba kuna kitu hakifiki, lakini haukuambii kimekatikia wapi.

Damu: pa kwanza kuangalia

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo dawa inaposaidia sana ikitolewa kwa mtu sahihi, na ndipo inapopotea bure au kudhuru ikitolewa kwa mazoea.

Hemoglobini ni kile kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni. Ikipungua, kila kiungo kinapata oksijeni kidogo, moyo unakimbia kufidia, na mtu anachoka kwa kazi ndogo. Kwa kawaida mwanamke mzima asiye na mimba akishuka chini ya gramu 12 kwa desilita, au mwanamume chini ya 13, huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Lakini mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Anayeishi juu hutengeneza hemoglobini zaidi kidogo kuliko mtu wa pwani, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, na Shirika la Afya Duniani huelekeza kipimo kirekebishwe kwa sababu hiyo. Maana yake ni kwamba mama wa Bagira mwenye 12.2 anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa "damu iko sawa", kumbe kwa mwinuko huu tayari imepungua.

Sasa, kwa nini imepungua? Jibu la haraka la kila mtu ni kukosa madini ya chuma, na dawa ya haraka ni vidonge vya chuma. Kwa mwanamke anayetokwa na damu nyingi ya mwezi, aliyezaa mara kadhaa kwa karibu, au mwenye minyoo ya safura, jibu hilo ni sahihi, na vidonge hivyo vya bei ndogo humbadilisha mtu ndani ya wiki chache. Vinywewe mbali na chai na maziwa, ambavyo huzuia chuma kuingia mwilini, na vikienda na ndimu au chungwa ni vizuri zaidi. Choo kitakuwa cheusi, na hilo halina shida. Kosa la kawaida ni kuacha mara tu nguvu zinaporudi. Hemoglobini ikishapanda, ghala la chuma mwilini bado ni tupu, na kulijaza kunahitaji miezi mitatu hivi zaidi. Kuhusu chakula, juisi ya biterave haigeuki damu kwa kuwa ni nyekundu. Samaki wadogo kama sambaza na ndagala, pamoja na nyama, hutoa chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha lengalenga (mchicha), ingawa lengalenga nazo zina kazi yake.

Lakini kuna upungufu wa damu ambao vidonge vya chuma haviufikii. Mtu mwenye kifua kikuu, VIH isiyotibiwa, baridi yabisi au saratani anaweza kuwa na chuma cha kutosha mwilini, ila mwili umekificha. Ni ulinzi wa zamani: vijidudu navyo vinahitaji chuma ili vizaliane, hivyo mwili unapohisi vita hufunga ghala na kuzuia hata kile kinachotoka tumboni kisiingie. Ukimpa mtu huyo chuma, kingi kinapita tu. Atibiwe ugonjwa uliofunga ghala, nalo litafunguka lenyewe.

Mgonjwa wa figo ana hadithi nyingine. Figo ndizo zinazotuma ujumbe kwenye mifupa kwamba damu itengenezwe, kwa homoni iitwayo eritropoietini. Figo zikifa ujumbe haufiki. Dawa yake ipo, ni sindano ya homoni yenyewe, na inafanya kazi, lakini ni ghali, na familia nyingi hapa husikia bei yake mara moja zikarudi nyumbani.

Na kuna SS. Katika nchi yetu ugonjwa huu si wa nadra hata kidogo. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mtoto wa SS huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Damu yake huwa pungufu maisha yote, na mzazi anayeona macho meupe hukimbilia chuma. Hapo ni hatari. Chembe zinavunjikia ndani, hivyo chuma chake hakipotei nje, na kila damu anayoongezewa hospitalini inaleta chuma kingine. Kikizidi hujikusanya kwenye ini na moyo. Anachohitaji ni asidi ya foliki, ambayo mwili wake huitumia kwa wingi ili kutengeneza chembe mpya, na panapopatikana daktari wa kufuatilia, hidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu na kupandisha hemoglobini. Chuma apewe tu ikiwa kipimo kimeonyesha kweli kimepungua.

Hapa naleta utafiti mmoja uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2012, kwa sababu unafundisha mambo mawili kwa mkupuo. Wanawake 198 waliolalamika kuchoka, wenye ghala dogo la chuma lakini ambao hawakuwa na upungufu wa damu, waligawanywa: wengine walipewa chuma kwa wiki 12, wengine kidonge kisicho na kitu ndani. Hakuna aliyejua amepata kipi. Uchovu ulipungua kwa karibu nusu kwa waliopata chuma, kwa hiyo chuma kinaweza kumsaidia hata ambaye damu yake haijashuka, mradi ghala lake liwe limepungua. Jambo la pili ndilo ninalotaka tulishike: waliopata kidonge kitupu nao uchovu wao ulipungua kwa zaidi ya robo. Si waongo, walijisikia vizuri kweli. Uchovu ni kitu kinachosikia matumaini, kupumzika na kuangaliwa. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba vitamini fulani imemwinua, anasema ukweli wake, lakini bado hujajua kama ni vitamini iliyomwinua.

Tezi ya shingo

Nitapita hapa kwa haraka zaidi. Tezi iliyo mbele ya shingo hutoa homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Ikilegea, mtu anachoka, anasikia baridi kuliko wenzake, ananenepa bila kula zaidi, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu. Sisi wa ziwa Kivu tunalo la kukumbuka: kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa na watafiti wa Kibelgiji miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa goita (uvimbe wa tezi hiyo), na iligundulika kwamba upungufu wa iodi ulichanganyika na muhogo usiolowekwa vya kutosha, ambao humzuia mtu kutumia hata ile iodi kidogo aliyonayo. Chumvi yenye iodi imesaidia sana tangu wakati huo. Anayethibitishwa kwa kipimo cha damu kuwa tezi imelegea hupewa levotiroksini, kila asubuhi tumbo likiwa tupu, na kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Nguvu hurudi polepole. Ambaye tezi yake ni nzima akiinywa kama dawa ya nguvu hapati nguvu, anapata moyo unaodunda ovyo.

Dawa yenyewe inapochosha

Hili husahauliwa, na pengine ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote, kwa sababu halihitaji kununua kitu. Dawa nyingi zinazomtunza mgonjwa humchosha pia. Propranololi na atenololi za presha hupunguza mbio za moyo, na mlima wa kwenda sokoni unakuwa mrefu. Metildopa husinzisha. Furosemidi ikitumiwa bila ufuatiliaji hutoa potasiamu, na misuli inalegea. Metformini ya sukari, baada ya miaka, inaweza kupunguza vitamini B12. Glibenklamidi ikinywewa na mtu ambaye hakula hushusha sukari ghafla: jasho, kutetemeka, kizunguzungu, na watu wa nyumbani wanadhani ni uchovu wa ugonjwa. AZT kwa baadhi ya wenye VIH hushusha damu. Fenobabitali ya kifafa na amitriptilini husinzisha, na dawa za zamani za mafua na mwasho hufanya hivyo pia.

Tafadhali, usifunge ukurasa huu ukaenda kuacha dawa. Propranololi ikikatwa ghafla moyo unaweza kuasi. Fenobabitali ikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu, na kuacha dawa za VIH ni kuwafungulia virusi mlango. Cha kufanya ni kusema: "Dokta, tangu nianze hii, nachoka hivi." Mara nyingi dawa inaweza kuhamishiwa usiku, kipimo kikapunguzwa, au ikabadilishwa na nyingine ya kazi ileile. Wagonjwa wengi huogopa kulalamika wasije wakaonekana wakaidi. Kulalamika huko ni sehemu ya matibabu.

Malaria, tifoide na karuho

Mgonjwa aliyechoka kwa miezi huku kwetu hupitia njia inayojulikana. Kwanza ni malaria. Kipimo kikionyesha vijidudu vichache, anatibiwa, na kwa hiyo tunasema ameponywa. Akirudi bado amechoka, ni tifoide, mara nyingi kwa kipimo cha Widal, ambacho huweza kuonyesha "ndiyo" kwa mtu aliyewahi kukutana na kijidudu hicho au hata na jamaa zake zamani, bila kuwa mgonjwa leo. Anakunywa antibiotiki. Akirudi tena, malaria tena. Malaria ni ya kweli na inaua, na ikirudiarudia hushusha damu. Lakini malaria na tifoide ni magonjwa ya siku na wiki, yenye homa. Uchovu wa miezi sita usio na homa unatafutwa kwingine.

Njia hiyo ikishindwa, familia huanza kunong'ona: karuho. Sumu ya taratibu, ya mkono wa jirani au wa ndugu. Sitaki kubeza hofu hii, ina mizizi mirefu katika Kivu, na wenye kuihofu wamezika watu wao. Lakini tazama dalili zinazotajwa: kukonda, kuchoka, kukohoa, tumbo kuuma, ngozi kubadilika. Ndizo dalili za kifua kikuu, za VIH, za sukari, za ini lililoharibika. Anayepelekwa kunyweshwa dawa za kutapisha kwa wiki tatu anapoteza wiki tatu za matibabu, maji ya mwili na potasiamu. Na kifua kikuu hutibiwa bure nchini mwetu, dawa za VIH vilevile. Hata kama moyo wako unasema karuho, makohozi na damu vipimwe kwanza. Vipimo hivyo havikukatazi kuamini unachoamini.

Vitamini na serumu

Vitamini humfaa anayeikosa. Mlevi, mama anayenyonyesha huku anakula fufu na sombe tu, mtu wa metformini wa miaka mingi, anayekunywa dawa za kifua kikuu na kuhitaji B6: hao wanazo sababu. Kwa mwenye vitamini za kutosha, za ziada za kundi la B hutoka na mkojo, ule wa njano kali, na watu wanaona rangi hiyo wanasema dawa inafanya kazi.

Serumu, ile chupa ya maji ya kuingizwa kwenye mshipa, ina heshima kubwa zaidi kwetu. Mtu akichoka, "awekewe serumu". Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani kalori 100 hivi, pungufu ya zile za chupa ndogo ya soda. Aliyetapika na kuharisha, aliyekauka, serumu inamwokoa, hapo sina mjadala. Mgonjwa wa sukari aliyechoka inamwongezea sukari. Mwenye moyo mbovu au figo mbovu inamwongezea maji ambayo hana pa kuyatoa, na yanaweza kuishia kwenye mapafu.

Vidonge vidogo vyeupe

Vile vidonge vya kwenye karatasi ya daftari mara nyingi ni deksametasoni, "deksa", wakati mwingine prednisoloni, na wakati mwingine vimechanganywa na siproheptadini ili mtu anenepe. Navitaja peke yake kwa sababu ndivyo vinavyotoa jibu la haraka kuliko vyote, na ndivyo vinavyodhuru kimyakimya.

Mwili una tezi mbili ndogo juu ya figo. Kila alfajiri hutoa kotisoli, homoni inayotuamsha, inayotunza presha na sukari, na inayotuwezesha kustahimili ugonjwa. Deksa ni ndugu wa kotisoli, mwenye nguvu mara nyingi zaidi. Ukiinywa, siku ya pili una hamu ya kula, maumivu yamepungua, usingizi umekimbia, unajisikia mpya. Ugonjwa ulio chini haujaguswa. Ikiwa ni kifua kikuu, kinga imepunguzwa na kifua kikuu kinasonga mbele. Ikiwa ni sukari, inapanda. Presha inapanda. Uso unajaa, na majirani wanasifu kwamba umepona. Mifupa inapungua bila kelele.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hasemi, pengine kwa sababu naye hakuambiwa. Tezi zile mbili, zikiona homoni inaletwa kila siku kutoka nje, zinalala. Baada ya wiki tatu hivi na kuendelea haziamki haraka. Mtu akikosa pesa ya kununua tena, au akiamua kuacha, anaanguka katika uchovu mkubwa kuliko ule wa mwanzo: kutapika, presha chini, kizunguzungu, na akipata malaria au ajali wakati huo anaweza kufa. Yeye anasoma tukio hilo kama ushahidi kwamba deksa ilikuwa inamfaa, anairudia, na amefungwa. Aliyekwisha kuinywa kwa wiki kadhaa asiikate ghafla. Aende hospitali aseme wazi anachokunywa, wampunguzie hatua kwa hatua. Hakuna aibu katika hilo. Aliyeuziwa alitaka kupona tu.

Dawa hizi zina mahali pake pa kweli: pumu kali, mzio unaohatarisha maisha, baadhi ya magonjwa ya kinga. Mgonjwa wa saratani iliyoenea, siku zake zikiwa chache, anaweza kupewa deksa kwa majuma mawili hivi ili apate kuketi na watoto wake, na hilo ni jambo jema linalofanywa kwa macho wazi. Na wako ambao tezi zao za juu ya figo zimekufa kweli. Daktari Thomas Addison wa Uingereza aliueleza ugonjwa huo mwaka 1855, na kifua kikuu kilikuwa, na bado ni, mojawapo ya visababishi vyake. Hao wanahitaji homoni hiyo maisha yao yote.

Kidonge kutoka Ulaya

Wenye ndugu Ubelgiji au Kanada huuliza swali jingine: si huko kuna dawa za uchovu wenyewe? Zipo zinazojaribiwa. Modafinili, iliyotengenezwa Ufaransa kwa wanaoshikwa na usingizi usiozuilika. Amantadini, iliyoanza kama dawa ya mafua makali kisha ikatumika kwa ugonjwa wa Parkinson. Metilfenideti, kichangamshi cha ubongo. Madaktari wa huko wamezitumia kwa miaka kwa wagonjwa wa sklerozi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, na ambao uchovu wake ni mkali sana. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliowapa wagonjwa 141 dawa zote tatu na kidonge kitupu, kwa zamu. Hakuna hata moja kati ya tatu iliyokishinda kidonge kitupu katika kupunguza uchovu, na zote zilileta madhara zaidi. Haimaanishi kwamba hazimsaidii mtu yeyote, hasa yule anayesinzia mchana. Inamaanisha usiuze mbuzi ili utumiwe.

Kwa ule ugonjwa ambao uchovu wenyewe ndio ugonjwa (madaktari huuita ME/CFS), unaozidi siku moja au mbili baada ya juhudi ndogo ya mwili au akili, na ambao wengi duniani wameujua zaidi baada ya korona, hakuna dawa iliyoidhinishwa mpaka leo. Mtu huyo asiambiwe ajikaze. Kujikaza humwangusha. Anasaidiwa kwa kupanga nguvu alizonazo, kusimama kabla hajaishiwa, na kwa nyumba inayokubali kwamba maji yatachotwa na mwingine.

Kwa wagonjwa wa saratani hali ni tofauti. Uchambuzi wa tafiti 113 uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kwamba kutembea na mazoezi mepesi, pamoja na msaada wa kisaikolojia, vilipunguza uchovu kuliko dawa. Ni ajabu kidogo kumwambia aliyechoka atembee, na katika mji wa milima kama huu aanze kwenye sehemu tambarare, dakika chache, aongeze kadiri mwili unavyokubali. Na kwa yule ambaye hamu ya kuamka imekufa, dawa za sonona zipo na zinafaa, lakini hazifanyi kazi kesho: ni wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, na wengi huziacha siku chache kabla hazijaanza kusaidia.

Unapokwenda kwa dokta, weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, zenye jina na zisizo na jina, za farmasi na za mitishamba. Eleza umechoka tangu lini, saa ngapi ya siku inakuwa mbaya, na kitu gani ulichokuwa unafanya mwaka jana ambacho leo huwezi. Pesa ikiwa ndogo, vipimo visifanywe vyote kwa pamoja. Hemoglobini, sukari, presha na mkojo vinatangulia, ni vya bei ndogo na vinaonyesha mengi. Anayekohoa au kukonda apime makohozi na VIH siku hiyohiyo. Figo zinafuata, hasa kwa mwenye presha au sukari ya miaka. Tezi ya shingo hupimwa baadaye, ikiwa hivyo vyote vimetoka safi au shingo ina uvimbe.